Kitabu cha kumbukumbu cha darasa, chapa ya Ngamiani: kinalipa, ila majina yaandikeni wenyewe

Msimu wa mahafali ya kidato cha nne ukiisha, mafundi chapa wa Ngamiani, Tanga, hawapumziki. Wateja wanaofuata wana umri wa wazazi wa wale wahitimu: watu waliomaliza shule pamoja miaka ishirini au thelathini iliyopita, wanaojiandaa kukutana Raskazone mwishoni mwa Desemba. Fulana na bango wanaagiza kama ilivyo ada. Juu ya hapo wanataka kitabu: picha za enzi zile, picha za leo, majina, walimu na waliotangulia mbele ya haki, vyote ndani ya jalada moja.

Tunakipima hapa kitabu hicho pamoja na huduma inayokizaa. Jina la duka hatulitaji, kwa kuwa kifurushi ni kile kile katika maduka kadhaa ya Tanga, mashine zinafanana, na hata kasoro zinafanana. Kinachouzwa kwa kawaida ni kitabu cha A4 au A5 chenye kurasa 60 hadi 80 za rangi, karatasi ya ndani ya gramu 130 au 150 (kwa mita ya mraba), jalada la gramu 300 lenye laminesheni, na mgongo wa gundi. Ndani ya bei mnapewa skani ya picha kadhaa, dizaini na prufu moja, yaani nakala ya kukagua kabla ya kuchapa zote.

Hukumu yetu ni hii. Skani ni nzuri mkiisimamia, uchapaji ni mzuri, dizaini ni ya wastani, na kazi ya majina ni mbovu. Mdizaini halaumiki sana: hakusoma nanyi, hawezi kumjua aliyesimama wa saba kutoka kushoto. Lakini kitabu cha darasa kikikosea majina kinakuwa albamu ya watu wasiojulikana, na albamu hamkuhitaji kuichangia.

Skani: pesa iende hapa kwanza

Picha ya kidato kizima, ile ya postkadi, ina sentimita 10 kwa 15. Ikiwa na safu nne za watu thelathini kila moja, kila mtu amepewa nusu sentimita ya upana. Skana ikiwekwa dpi 600 (nukta 600 kwa inchi), nusu sentimita hiyo inabeba nukta 118 hivi, zinazotosha kumtambua mtu kwa masikio na paji la uso. Picha ile ile ikipigwa kwa simu na kurushwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa hadi takriban nukta 1,600 kwa upande wake mrefu. Zigawe kwa watu thelathini: kila mmoja anabaki na nukta 53, na hapo simu haikutikisika wala hakukuwa na mwako wa taa ya dari.

Uchapaji mzuri unataka nukta 300 kwa inchi. Kwa hiyo picha ya WhatsApp ya nukta 1,600 inachapika vizuri hadi sentimita 13.5 tu. Ukurasa wa A4 una upana wa sentimita 21 na unadai nukta 2,480. Mdizaini akiivuta ijae ukurasa, nyuso zinakuwa uji. Mwanafunzi mwenzenu aliyeko Mwanza au Muscat asiyeweza kuleta picha yenyewe atafute skana huko huko aliko, halafu atume kama faili, si kama picha. Kitufe cha HD kinasaidia kidogo, bado kinabana.

Mkifika kaunta ulizeni aina ya skana. Zile nyembamba na nyepesi zinasoma vizuri kitu kilichogusa kioo chake tu. Picha iliyoinuka hata milimita mbili inatoka na ukungu. Hili ni tatizo kubwa Tanga, kwa sababu picha nyingi zilizotundikwa ukutani kwenye fremu zimeganda na vioo vyake kwa unyevu wa pwani. Picha iliyoganda haibanduliwi. Ukiivuta, tabaka la rangi linabaki kwenye kioo na sura inaondoka nalo. Iacheni na kioo chake, isafishwe kwa nje, kisha iskaniwe kwa skana nene ya zamani inayoona vizuri hata kitu kilichoinuka kidogo juu ya kioo chake. Kama duka halina, ipigwe kwa kamera ikiwa imelazwa mezani, taa mbili pembeni kwa nyuzi 45 kila upande, flashi imezimwa. Kwa albamu zile za kurasa zenye gundi na nailoni juu, pitisheni uzi wa meno taratibu chini ya picha, kutoka kona moja hadi nyingine. Ikikataa, skanini ukurasa mzima kama ulivyo.

Skanini kwa rangi hata picha nyeusi na nyeupe. Madoa ya njano na ya kahawia huonekana na kuondolewa kirahisi zaidi namna hiyo. Na kila picha igeuzwe, mgongo wake uskaniwe pia. Muhuri wa studio, tarehe iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi, "kwa rafiki mpendwa" na jina la utani: hivyo ni ushahidi ambao mtu hawezi kuukumbuka baada ya miaka thelathini. Maduka hayafanyi hivi bila kuombwa.

Picha za rangi za miaka ya 1970 na 1980 zilizogeuka nyekundu zinarekebishika, na hapa mafundi wa Tanga wanastahili sifa. Wekundu ule unatokana na rangi ya samawati kufifia kabla ya nyingine, na fundi anayejua kazi huirudisha kwa dakika chache. Tunachokataa ni programu za akili mnemba za "kusafisha sura". Kwa picha ya mtu mmoja iliyopigwa karibu zinaweza kuvumilika. Kwa picha ya kundi, programu haisafishi uso, inautunga: inaweka macho na meno ambayo hayakuwapo kwenye nukta. Matokeo yanapendeza kwa mgeni, ila dada mtu akikishika kitabu anauliza huyu ni nani. Andikeni kwenye oda, kwa maneno, kwamba nyuso za picha za makundi zisiguswe.

Siku ya kuchukua prufu, nendeni na flashi mchukue faili zote za skani. Mmezilipia.

Majina, mahali kitabu kinapofia

Utaratibu mnaouziwa ni kwamba mtaleta orodha, mdizaini ataibandika chini ya picha. Haufai. Njia inayofanya kazi ni kuchapa kila picha ya kundi kwenye karatasi ya A3, nyeusi na nyeupe, kuandika namba juu ya kila kifua (si juu ya uso), na kuizungusha kwa watu wasiopungua watano, kila mmoja akijaza karatasi yake bila kuona ya mwenzake. Jina linaingia kitabuni wakikubaliana wawili. Wasipokubaliana, panaandikwa "hajatambuliwa" na kuachwa mstari mtupu wa kujazwa kwa kalamu siku ya kukutana. Msikisie. Nafasi tupu husababisha mazungumzo mazuri mezani. Jina la mtu mwingine husababisha ugomvi.

Kabla ya kuhesabu kutoka kushoto, hakikisheni picha haijageuzwa. Filamu ikiskaniwa upande usio wake, kushoto kunakuwa kulia na majina yote yanasomeka kinyume. Kipimo ni mfuko wa shati na nembo ya shule: kwenye sare nyingi vinakaa kifua cha kushoto cha mvaaji. Vikionekana kifua cha kulia cha wavaaji wote (yaani kushoto kwako unayeitazama), picha imepinduliwa. Maandishi ya ubaoni yanasema hivyo hivyo, ila si kila picha ina ubao.

Kisha tahajia. Majina ya Kisambaa na Kizigua yanayoanza na She- yanakatwa au kusahihishwa na kompyuta inayodhani imeona neno la Kiingereza, na majina yenye ng' yanapoteza alama yake au kupata alama iliyopinda upande usio wake. Mwambieni mdizaini azime usahihishaji wa tahajia kabla ya kubandika hata jina moja. Orodha ipelekwe imechapwa kwenye faili. Ya mkono itasomwa upya na mtu asiyewajua.

Mpangilio? Tunapendekeza jina la kwanza kwa alfabeti, kama lilivyoitwa asubuhi kwenye daftari la mahudhurio, kisha jina la baba, kisha jina analotumia leo. Kuna waliochukua jina la mume, kuna waliobadili dini na jina, na wapo wanaojulikana sasa kwa mama fulani tu. Mkiweka jina la leo peke yake, nusu ya darasa haitamtambua mtu waliyeketi naye dawati moja. Jina la utani liingie kwa ruhusa ya mwenyewe. Yapo yaliyochekesha kidato cha pili yasiyofaa kusomwa na wakwe.

Tarehe zina mitego yake. Ile tarehe ya rangi ya machungwa kwenye kona ya picha za miaka ya 1990 si ya kuaminiwa: kamera ikibadilishwa betri hurudi mwanzo, na watu wengi hawakuiweka upya. Afadhali kusoma picha yenyewe. Picha ya mhitimu wa kidato cha sita akiwa JKT kwa mujibu wa sheria, iwe Maramba au Mgambo, haiwezi kuwa ya 2002, kwa sababu mafunzo hayo yalisitishwa 1994 na kurejeshwa 2013. Jina la shule pia ni saa. Picha yenye maandishi ya Karimjee ni ya shule ile ile inayoitwa Usagara leo, na maelezo yake yabebe majina yote mawili, la sivyo vijana watadhani ni shule nyingine. Galanos kwa upande wake imebaki na jina la Christos Galanos, Mgiriki aliyekuwa na mashamba ya mkonge, kwa hiyo jina peke yake halikusaidii kupanga miaka; tazama sare, majengo na urefu wa miti.

Hapo hapo kuna jambo la sheria ambalo maduka hayalitaji kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kitabu chenye majina, picha, kazi na simu za watu tisini ni mkusanyiko wa taarifa binafsi. Fomu ya nusu ukurasa inatosha: nakubali picha yangu ya zamani, nakubali ya sasa, nakubali kazi yangu itajwe, sahihi na tarehe. Namba za simu na makazi msizichape kitabuni. Zikae kwenye orodha tofauti inayoshikwa na katibu. Kitabu huazimwa, husahaulika garini, huishia mikononi mwa matapeli wanaojua sasa majina ya rafiki zako thelathini.

Walimu na waliotangulia

Kiolezo cha duka kinawapa walimu ukurasa mmoja, picha ndogo ndogo za duara. Hautoshi. Kwa kitabu cha watu tisini, mgao unaokaa vizuri ni huu: kurasa 23 za wanafunzi, wanne kila ukurasa, 6 za walimu, 5 za marehemu, 6 za picha za makundi, 14 za bweni, michezo na safari, 12 za leo, 4 za faharasa, na 2 za dibaji na yaliyomo. Jumla 72. Faharasa msiikate kuokoa pesa. Bila hiyo mtu anasaka uso wake kurasa zote na wa mwenzake hatauona.

Kila mwalimu apewe jina kamili kwa heshima yake, somo, miaka aliyofundisha hapo na wajibu mwingine: mlezi wa bweni, nidhamu, michezo, kwaya, ushauri. Miaka ni muhimu kuliko inavyodhaniwa. Wengi walihamishwa baada ya mwaka mmoja au miwili, na darasa huapa kwamba mtu fulani aliwafundisha hesabu miaka minne kumbe walikuwa wawili waliofuatana. Mwalimu mwenyewe akiwa hai aulizwe, na aulizwe na mtu wa kwenda kwake kumwamkia na kukaa, maana kwa simu atajibu "andikeni mnavyoona". Na wasio walimu? Mpishi, matroni, karani, mlinzi, dereva. Vitabu vingi vinawaacha kabisa, na hilo tunalihesabu kuwa kosa la darasa, si la duka.

Kurasa za marehemu ndizo zinazotupa shaka zaidi na violezo vya maduka haya. Kiolezo kikiwa na msalaba au mshumaa, kinawekwa kwa kila jina. Tanga! Ambapo darasa moja lina Athumani, Yohana, Mwanaidi na Eliezer. Gawanyeni maandishi kwa dini ya marehemu mwenyewe: Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun kwa Muislamu, mstari wa Biblia au msalaba kwa Mkristo, na palipo na shaka jina na miaka tu, bila alama. Familia iulizwe kabla. Kuna watu hawataki picha ya marehemu wao isambazwe, na lazima wasikilizwe. Muhimu kuliko yote: hakuna jina linaloingia ukurasa huo kwa "nasikia". Ithibitishwe na ndugu wa damu au aliyehudhuria mazishi. Kumchapa mtu hai kwenye orodha ya marehemu hakurekebishiki kwa karatasi ya masahihisho iliyobandikwa nyuma ya jalada.

Kwa picha za shule ilivyo sasa, na kwa kuomba kuangalia rejesta ya uandikishaji, barua iende kwa mkuu wa shule mapema. Septemba na Oktoba panafaa. Novemba kuna mtihani wa kidato cha nne na hakuna mkuu atakayewakaribisha na kamera. Desemba shule imefungwa. Pigeni majengo, miti na mabweni. Nyuso za wanafunzi wa sasa waachieni wazazi wao.

Dizaini, karatasi na gundi

Kasoro moja ya dizaini inajirudia kiasi cha kuitwa desturi. Picha ya kidato kizima inatandazwa kurasa mbili zinazotazamana, na mkunjo unapita katikati. Katikati ya safu ya mbele ndipo anapoketi mkuu wa shule. Kitabu cha gundi hakifunguki hadi chini, kinakula milimita kadhaa kila upande, kwa hiyo mtu mmoja tu anayepotea kwenye picha yenye watu 120 ni yule aliyekuwa akiogopwa na wote. Ilazeni picha kwenye ukurasa mmoja wa A4, msomaji azungushe kitabu. Kwa postkadi iliyoskaniwa dpi 600 mnapata nukta 2,362 kwa 3,543, zinazofika sentimita 20 kwa 30, yaani ukurasa mzima wa A4 bila kulazimisha. Wanaong'ang'ania kurasa mbili waisogeze picha hadi mkunjo uangukie kati ya watu wawili, na waache pengo la milimita sita kila upande.

A4 au A5? Kwa mgongo, A5 ni imara zaidi, na sababu iko kwenye nyuzi za karatasi. Nyuzi zinatakiwa ziende sambamba na mgongo. Ikiwa karatasi kubwa ya mashine ina nyuzi zinazofuata upande wake mrefu, ukiikata A4 mbili nyuzi zinakuwa zimelala kinyume na mgongo. Ukiikata A5 nne zinakaa sawa. Karatasi yenye nyuzi kinyume ikipata unyevu wa masika inajikunja mawimbi na kuvuta gundi. Lakini A5 inaminya picha za makundi, na kitabu hiki uhai wake ni picha za makundi. Tunachagua A4, kisha tunamuuliza fundi waziwazi kama anaweza kupata karatasi yenye nyuzi fupi, yaani zinazofuata upande mfupi wa karatasi kubwa. Akiuliza nyuzi ni nini, mmeshapata jibu.

Gramu 150 zisizong'aa ndizo bora ndani. Zinazong'aa zinarudisha mwanga wa taa na kugandana zikikaa kabatini. Jalada la gramu 300 lichorwe mstari wa mkunjo kwa mashine kabla ya kukunjwa, vinginevyo wino wa unga unapasuka na mgongo unaonyesha weupe. Laminesheni isikosekane. Jalada gumu la kitambaa linapendeza, linaongeza bei sana, na halifanyi picha kuwa wazi zaidi. Fedha hiyo ielekezeni kwenye skani. Kwa kitabu chembamba cha kurasa 40 au pungufu, pini mbili mgongoni zinatosha na zinafunguka vizuri kuliko gundi, ila idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne.

Prufu idaini kwenye karatasi ile ile na mashine ile ile itakayochapa kazi nzima. Prufu ya PDF kwenye simu inang'aa kwa mwanga wa kioo, kisha kitabu kinatoka cheusi, hasa sura za watu weusi kwenye picha za zamani, ambako vivuli vinajaa wino na macho kupotea. Fundi aongeze mwanga sehemu za vivuli kabla ya kuchapa.

Kuhusu zile QR za video zinazobandikwa ukurasa wa mwisho: zinavutia mwaka wa kwanza. Kwa kawaida kiungo kinakwenda kwenye hifadhi ya Google ya mtu mmoja, yenye GB 15 za bure zinazogawanwa na barua pepe zake, na akaunti isiyotumika miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo. Fungueni akaunti ya darasa, watu wawili wawe na nywila, na mmoja aingie walau kila baada ya miezi michache.

Bei na kuchukua mzigo

Msiulize bei ya nakala moja. Ulizeni mafungu mawili: gharama inayolipwa mara moja (skani, dizaini, prufu) na gharama ya kila nakala (karatasi, wino, kufunga). Kwa mfano wa hesabu tu, fungu la kwanza likiwa shilingi 600,000 na la pili 15,000, nakala 30 zinaangukia 35,000 kila moja, nakala 60 zinashuka hadi 25,000, na nakala 100 hadi 21,000. Ndiyo maana kuagiza 30 sasa na 30 nyingine baada ya sherehe ni hasara, hasa duka likidai fungu la kwanza upya. Hakikisheni kwa maandishi kwamba halitadai.

Michango ikusanywe kabla ya oda. Anayesema "nitalipa nikikiona" atakiona cha mwenzake na kuridhika. Mlipeni mwenye duka kwa lipa namba ya biashara, si namba ya fundi, na mdai risiti ya EFD. Mweka hazina ataihitaji siku ya kusoma mapato na matumizi. Nusu mwanzoni, nusu baada ya kukagua.

Kukagua si kuhesabu maboksi. Toeni nakala kumi kutoka maboksi tofauti, mfungue kila moja katikati na kuvuta ukurasa mmoja polepole. Ukitoka, gundi haikushika na boksi zima lina mashaka. Angalieni mfuatano wa kurasa, mlinganishe rangi ya ngozi ukurasa ule ule kwenye nakala mbili, na mtazame kama ukataji umekula majina ya chini. Yote hayo yafanyike dukani, kabla ya kutia sahihi.

Kitabu cha A4 cha kurasa 80 chenye karatasi ya gramu 150 kina uzito wa gramu 410 hivi. Nakala mia ni kilo 41, kwa hiyo maboksi matano ya nakala ishirini, kila moja kilo nane na ushee, yanabebeka na yanapokelewa kama mizigo ya basi kwenda Dar bila shida. Kila boksi livishwe nailoni kwa ndani. Msiyaache kwenye buti la gari juani wakati mnakula Raskazone, maana gundi ya moto hulainika kwa joto na migongo inapinda ikiwa imelala vibaya.

Oda ifike mwishoni mwa Oktoba. Novemba duka lina kalenda, shajara na kadi za mwaka mpya, na kazi yenu itasubiri nyuma ya taasisi zinazolipa kwa mkupuo. Ongezeni nakala kumi juu ya waliolipa: moja ya maktaba ya shule, za walimu walio hai, na moja kwa kila familia ya marehemu ambaye picha yake imetumika. Familia hizo zipelekewe kwanza, kabla ya siku ya sherehe, zipate muda wa kusema kama kuna kilichokosewa.